Nani Anasema, na Amesimama Wapi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliopo, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma, asalamu aleikum na habari za jioni.

Waandalizi wameniomba nizungumzie vitabu ninavyovipenda. Swali hilo huulizwa mara nyingi, na kila ninapolijibu naona wasikilizaji wanangoja majina ya riwaya. Wakisikia kwamba kazi yangu ni kuandika habari za kweli, yaani wasifu na historia za watu, hudhani kwamba mchana nasoma nyaraka na usiku napumzika na hadithi. Riwaya nazisoma na nazipenda. Lakini vitabu vilivyonilea kama mwandishi ni vya watu waliosimulia yaliyotokea kweli, tena kwa Kiswahili, na vingine vina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Nimeamua kuvisemea vitabu hivyo kwa sababu sioni vikisemewa vya kutosha. Darasani tunafundishwa kwamba fasihi andishi ni riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi. Kitabu cha safari, cha desturi, cha maisha ya mtu, ama hakitajwi au kinatajwa pembeni. Wanahistoria hukifungua, wakachukua tarehe na majina wanayoyataka, wakakirudisha kabatini. Mimi nasema humo ndimo ilimo baadhi ya nathari bora kabisa iliyowahi kuandikwa kwa lugha yetu, na anayetaka kujua kuandika Kiswahili kilichonyooka aende huko kwanza.

Niwaambie kwanza ninasomaje. Nikifungua kitabu cha habari za kweli namtafuta msemaji. Nani ananiambia haya? Aliyaona kwa macho yake, aliyasikia kwa mtu, au aliyasoma mahali? Yalipotokea, yeye alikuwa amesimama wapi? Mwandishi asiyeyajibu maswali hayo hunichosha mapema, hata awe fasaha namna gani. Anayeyajibu, hata kwa sentensi moja tu, keshanipata.

Basi nianze na Mtoro bin Mwinyi Bakari, kwa maana ndiye niliyemsoma na kumrudia kuliko wote. Alikuwa mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwalimu mwenye elimu ya dini. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli, na jina lililokaa juu ya jalada ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Lakini mkono uliobeba sehemu kubwa ya kitabu kile ni wa Mtoro. Kinaanzia kwenye mimba na kuzaliwa, kinapita kwenye michezo ya watoto, chuo cha Kurani, unyago na jando, ngoma, pepo, posa, ndoa, utumwa, madeni, safari za bara, hadi maziko.

Ukisikia orodha hiyo utafikiri ni kitabu kikavu. Sivyo hata kidogo. Mtoro ana tabia moja ambayo nimejitahidi miaka yote kuipata. Hasemi tu kwamba watu huamkiana kwa heshima. Anakuwekea maamkizi yenyewe: huyu anasema hivi, yule anaitikia hivi. Akifika kwenye posa, anakuonyesha nani anatumwa, anaanzaje kusema, na anajibiwa nini. Desturi haielezwi kwa juu juu, inatendwa mbele yako na watu wenye vinywa. Na anapofika kwenye habari za watumwa hapandishi wala hapunguzi sauti. Anaeleza tofauti ya mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa hapa hapa, na mtumwa aliyeletwa karibuni, na mtumwa alikatazwa kuvaa nini mbele ya bwana wake. Maelezo ya nguo tu, lakini ukiyasoma polepole unaiona jamii nzima jinsi ilivyojipanga, nani juu na nani chini, bila mwandishi kukuhutubia.

Maisha yake mwenyewe hayamo kitabuni, na mimi siku hizi siwezi kukisoma bila kuyakumbuka. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja huku, na serikali ya kikoloni ikamkatalia asishuke na mkewe. Akarudishwa Ujerumani, akaishi huko, akafia Berlin mwaka 1927. Kwa hiyo kurasa zile zinazojua kila kona ya maisha ya mrima, yaani pwani ya bara, ziliandikwa na mtu aliye mbali, na baadaye akazuiwa hata kurejea. Nikisoma habari zake za ngoma na michezo ya watoto, huwa namwona akikumbuka.

Velten huyo huyo alitoa kitabu kingine mwaka 1901, Safari za Wasuaheli. Humo mna safari ya Mtoro ya Udoe hadi Uzigua, na mna simulizi ambayo kila ninayemwambia hushangaa kwamba ipo. Salim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Ngazija, alifuatana mwaka 1896 na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, kisha wakashukia Asia ya Kati. Mswahili anatazama Siberia na kuieleza kwa Kiswahili! Tumezoea vitabu vya wageni waliokuja kututazama. Hapa macho yamegeuka. Yeye ndiye anayepima nyumba zao, vyakula vyao, farasi wao, na hali kadhalika anaandika jinsi watu wa huko walivyomkodolea macho kwa sababu hawakuwahi kumwona mtu mweusi. Anayaandika hayo kwa utulivu, kama habari mojawapo ya safari, akaendelea na njia yake.

Vitabu hivi visomeni kwa sauti. Ni nathari iliyo karibu sana na mdomo: tukalala, asubuhi tukaondoka, tukafika mahali fulani, tukakuta maji. Mwendo huo unaonekana rahisi mpaka ujaribu kuuandika mwenyewe kwa kurasa kumi bila kumchosha msomaji. Nikikwama katika kazi yangu, sentensi zikiwa zimejaa "suala la" na "katika muktadha wa", humchukua Salim au Mtoro nikasoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha nikarudi kwenye karatasi yangu na kuanza kufuta.

Sasa nije kwa mtu ambaye kumpenda ni vigumu, na kumwacha siwezi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Tippu Tip. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu, akatawala sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo, akafa Unguja mwaka 1905. Uzeeni, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Brode akayageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903.

Tazameni anavyoanza. Hatuambii alizaliwa lini wala ukoo wake ulikuwa mtukufu kiasi gani. Anaanza akiwa na miaka kumi na miwili, anasafiri safari za karibu na jamaa zake kufanya biashara ya sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, na kwa kuwa alikuwa mdogo, akapewa mzigo mdogo. Basi. Wasifu mzima wa mtu aliyeogopwa nusu ya bara unafunguka kwa mtoto na mzigo wake mdogo wa sandarusi. Ukurasa wa kwanza tu unajua mtu huyu anaiona dunia kwa mizigo, kwa uzito wa frasila, kwa nani kamkopesha nani. Tajiri wake wa Unguja, Taria Topan, anatajwa pale penye mali, na mali haikosekani.

Kisha kuna kisa cha Utetera, ambacho nadhani ni miongoni mwa visa vya ajabu katika wasifu wowote niliousoma. Tippu Tip alipata habari kwamba mfalme wa Utetera, Kasongo Rushie, alikuwa na dada zake waliotekwa zamani wakapotea. Akajitungia nasaba. Akasema kwamba babu yake, mzaa mama, alimpata mwanamke mmoja katika vita vya Urua, na kwamba mwanamke huyo ndiye bibi yake, dada wa Kasongo. Mzee Kasongo akaamini, akampokea kama damu yake, akamkabidhi utawala. Haya yote tunayajua kwa sababu Tippu Tip mwenyewe anatuambia. Anasimulia uongo wake hatua kwa hatua, haoni haya, haombi radhi.

Hebu fikirini msomaji anawekwa wapi. Msemaji anakiri mbele yako kwamba ni hodari wa kutunga ukoo ili apate nchi, halafu katika ukurasa unaofuata anataka umwamini kuhusu vita, kuhusu idadi, kuhusu nani alianza ugomvi. Mimi humwamini zaidi pale anaposema mambo ambayo hayampi faida, na humwamini kidogo pale anapojionyesha kuwa mwenye huruma. Kitabu hicho kilinifundisha kusoma wasifu wote wa wakubwa. Na kuna kimya ndani yake ambacho ni lazima kisikike. Wapagazi wanabeba, mateka wanachukuliwa, vijiji vinachomwa, na hakuna hata mmoja wa watu hao anayepata kusema sentensi zake.

Ndiyo maana nasema Tippu Tip asisomwe peke yake. Mwekeni pamoja na James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, wa watu wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa Mombasa mwaka 1875. Anayoyasimulia ni yale yaliyosimuliwa na wazee: kutekwa, mwendo wa kwenda pwani, jahazi, meli ya Waingereza inayolifukuza jahazi, na maisha mapya baada ya hapo. Kwa mara ya kwanza unamsikia mtu aliyekuwa mzigo wa mwingine akisema jinsi mnyororo ulivyokuwa.

Wapo wanaokidharau kitabu hiki kwa sababu kinawashukuru Waingereza mno, na ni kweli kinawashukuru mno. Ukoloni ulikuwa umekwisha kuota mizizi alipokuwa akiandika, naye hausemi hivyo. Lakini sikubali kwamba shukrani zile zinaufuta ushahidi uliomo. Mtu ambaye baba yake alitolewa utumwani na meli fulani anaisemea meli hiyo anavyoisemea. Kazi yangu kama msomaji ni kujua amesimama wapi, kisha kumsikiliza. Vitabu hivi viwili vinazungumza juu ya njia zile zile, za kutoka bara hadi pwani, mmoja akiwa juu ya msafara na mwingine akiwa chini yake. Sijaona somo la historia linalowashinda wawili hawa wakikaa meza moja.

Habari za Wakilindi nitaipita haraka, ingawa inastahili jioni yake. Abdallah bin Hemedi aliandika habari za watawala wa Usambara, kuanzia Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, mwisho wakamtawaza. Kilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1895. Ninachokipenda humo ni baraza: watu wanakaa, wanashauriana, wanabishana, na mwandishi anakupa maneno ya kila upande. Mwanafunzi wa riwaya angejifunza mazungumzo kwa Abdallah bin Hemedi kuliko kwa mwandishi yeyote wa leo.

Wengi wenu mlikuwa mkingoja nimtaje Shaaban Robert. Namtaja, ila si kwa Kusadikika. Namtaja kwa Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, akafinyanga na kuuza vyungu kwa miguu, sauti yake ikitangulia mbele ya vyungu. Akahamia mjini, akajifunza, akawa mwimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alionana naye Siti akiwa mzee, muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950.

Fikirini uteuzi huo. Mwandishi maarufu kuliko wote wa Kiswahili, katika zama ambazo wasifu ulikuwa wa masultani, magavana na wamisionari, anachagua kumwandikia wasifu mwanamke mfinyanzi. Na hamfichi katika sifa. Watu walimtungia Siti wimbo wa kejeli, kwamba kawa mtu lini huyu, kaja mjini amevaa kaniki, na kama si sauti angekula nini. Naye akajibu kwa wimbo wake kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwandishi mwoga angekiacha kisa hicho ili kumlinda mhusika wake. Hapo ndipo Siti anaposimama mzima mbele yetu, na matusi aliyotupiwa na jibu lake.

Sitaficha kwamba Shaaban Robert ana mazoea yanayonipunguzia raha. Hawezi kukaa kurasa nyingi bila kuusia. Kisa kinakwenda vizuri, mara anasimama kutufunza uvumilivu. Hata Maisha Yangu, kitabu cha mtu aliyekuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, kina mahali ambapo ningependa kuiona zaidi ile ofisi, mafaili, bosi, safari za uhamisho, kuliko hekima iliyotokana nazo. Lakini humo humo ameweka tenzi mbili kwa watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana, katikati ya nathari, bila kuomba ruhusa ya mtu. Baba anasimulia maisha yake, akifika kwa wanawe sauti inageuka kuwa utenzi. Nani alisema wasifu ni lazima uwe nathari mwanzo hadi mwisho?

Wa karibu zaidi na zama zetu, nampenda Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani, kilichotoka mwaka 2013. Wengi wanamjua kwa Kuli na Kasri ya Mwinyi Fuad. Hapa anasimulia ujana wake mwenyewe, alivyoondoka Unguja kutafuta elimu ng'ambo. Ni kitabu chenye njaa, mipaka na vituo vya polisi, na kinatiririka.

Mnataka pia kujua kama nasoma vya nje. Nasoma. Svetlana Alexievich wa Belarusi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2015, kazi yake yote ni kukusanya sauti za watu: wanawake waliopigana Vita Kuu ya Pili, walionusurika ajali ya nyuklia ya Chernobyl. Nobel ikapewa habari za kweli, na mimi nilifurahi kama mtu aliyeshinda mwenyewe. Kinachonisumbua kwake ni kwamba maswali yake huyaondoa. Nasikia majibu tu, nami nataka kujua aliuliza nini, na kwa sauti gani.

Naye Abdulrazak Gurnah, wa Nobel ya 2021, huandika riwaya, lakini namleta hapa kwa sababu maalumu. Wahakiki wameonyesha kwamba riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, imenyonya kutoka katika simulizi zile zile za safari nilizowatajia, za Salim na wenzake. Mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili yalifichama katika kitabu cha Kijerumani, yakapita Kiingereza, yakarudi nyumbani baada ya karne nzima na ushei. Anayesema vitabu vya kweli havizai fasihi aanzie hapo.

Nisivyovipenda nitavitaja kwa kifupi, kwani muda unakwenda. Sipendi wasifu wa mtu mkubwa ambao hauna mtu hata mmoja anayempinga. Sipendi kitabu kinachonieleza moyoni mwa marehemu mlikuwa na nini usiku fulani, bila kuniambia nani aliyeingia humo. Na sipendi historia iliyoandikwa kana kwamba hakuna aliyekuwa akila, akidaiwa au akiumwa jino siku yalipotokea mambo makubwa.

Kama mtaniuliza muanze na kipi, anzeni na Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kifupi, na lugha yake haitawapa shida. Halafu Mbotela. Tippu Tip na Mtoro viacheni vya baadaye, kwa kuwa Kiswahili chao kina maneno yaliyokwisha adimika, na kamusi itawabidi muwe nayo mkononi. Si adhabu hiyo. Ile kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1935, Kiswahili kwa Kiswahili, mimi huisoma hata nikiwa sina neno ninalolitafuta.

Kuna kitabu kimoja ninachokitamani ambacho sijapata kukishika: maisha ya mpagazi, aliyetembea na mzigo begani kutoka pwani hadi ziwani na kurudi, kwa maneno yake mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wale walikuwa maelfu kwa maelfu, na walirudi makwao wakisimulia. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayejua daftari la mzee lililofungiwa sandukuni, liwe la herufi za Kiarabu au za Kilatini, liwe la upagazi, la uvuvi, la ukarani au la vita, tusiachane leo kabla hatujaongea. Nitakuwa hapo mlangoni.

Ahsanteni sana. Nayapokea maswali.